Barua ya Wazi kwa Wachimbaji Wadogo wa Geita na Shinyanga, Juu ya Gari Kuukuu na Umeme

Kwa Waheshimiwa Viongozi na Wanachama wa vyama vya wachimbaji wadogo wa mikoa ya Geita na Shinyanga,

Nawaletea shauri moja nililolifikiri kwa muda wa miaka miwili chini ya mwembe ulioko uani kwangu hapa Kahama, mikono yangu ikiwa imejaa grisi katika mwaka wa kwanza, na katika mwaka wa pili ikiwa safi kama ya karani, kwa sababu mtakayoifahamu punde.

Shauri lenyewe ni hili: zile pikapu zenu kuukuu zinazobeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha, ambazo kila apitaye huzihukumu kuwa ni chuma chakavu, ndizo zinazostahili kuliko gari jingine lolote la ukanda huu kung'olewa injini na kutiwa mota ya umeme, tena kazi hiyo yaweza kufanywa papa hapa, na mafundi tulio nao, pasipo kungoja gari jipya lije kwa meli. Sineni kwa kubahatisha, maana nimekwisha kulifanya jambo hilo kwa gari langu mwenyewe, kwa fedha yangu mwenyewe, na kwa makosa yangu mwenyewe, ambayo nitayataja bila kuficha hata moja ili yasije yakarudiwa na mtu mwenye watoto wadogo.

Mimi ni fundi wa umeme mstaafu. Kazi hii niliianza katika mgodi wa almasi wa Mwadui nikiwa kijana ambaye hajaota ndevu, nikaimalizia katika mgodi wa dhahabu, na katika miaka yote hiyo sikupata kuona kitu kilichonishangaza kuliko ukweli kwamba mgodi mkubwa huendesha winchi, pampu na vinu vyake kwa mota za umeme, kisha gari linalopeleka spana kwenye mota hizo huendeshwa kwa dizeli. Nilipostaafu nilijinunulia katika mnada wa chama kimoja cha ushirika Land Rover ya chasisi ndefu, ile ambayo mafundi wa zamani huiita 109 kwa hesabu ya inchi zilizoko baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, iliyoundwa mwaka 1978, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imelala nyuma ya ghala la pamba, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Injini yake ya petroli, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ilikubali kuwaka baada ya wiki tatu za kubembelezwa, ikanywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani, na baada ya miezi minne ikapasuka kichwa.

Hapo ndipo nilipofanya azma.

Watu wengi, na miongoni mwao wamo mafundi hodari, hudhani kwamba kulibadili gari liwe la umeme ni kulivunjavunja na kulijenga upya, ilhali kinachoondoka ni injini, rejeta, ekzosi na tangi la mafuta, na kinachobaki ni kila kitu ambacho Mwingereza alikitengeneza vizuri, yaani chasisi, springi, difu mbili, propela shafti na giaboksi. Mota hufungwa mahali pa injini, ikitazamana na giaboksi ile ile ya zamani, na kati yao huwekwa bamba nene la chuma pamoja na kiungo cha kuishikanisha mihimili miwili iwe kama mmoja. Na usanii wote uko hapo, kwa maana mihimili hiyo ikipishana hata kwa unene wa unywele, beringi zitalia siku ya kwanza na kufa siku ya kumi. Bamba langu lilikerezwa mara tatu na fundi mmoja wa mjini hapa ambaye riziki yake ya kila siku ni kukereza mihimili ya makarasha yenu, naye alikataa kupokea ujira mara mbili za mwanzo kwa kuwa kazi haikumridhisha. Nalitaja hilo kwa makusudi. Sanaa ya kukereza, kuchomelea na kusuka mota zilizoungua imezagaa katika Kahama, Katoro, Nyarugusu na Geita mjini kuliko miji mingi iliyo mikubwa kuliko hiyo, na imeletwa na ninyi, kwa kuwa karasha halilali na likiharibika usiku hutafutwa fundi usiku.

Betri nilizochagua ni za lithiamu, za aina ile itumiayo chuma na fosfati, ambayo ni nzito kidogo kuliko nyingine lakini ina hilimu, haikasiriki upesi kwa joto. Ziko seli 30, kila moja ya volti 3.2 na ampea-saa 280, zilizofungwa kwa mfululizo hata zikatoa volti 96 na hazina ya karibu uniti 27, na uniti hizo ni zile zile mnazonunua kwa LUKU. Kutoka hapo umeme wa mkondo mnyoofu hupita kwenye kidhibiti, ambacho huugeuza kuwa mkondo geu na kuupeleka kwenye mota kwa kadiri dereva anavyokanyaga. Ubao mdogo wa ulinzi huangalia kila seli isijae kupita kiasi wala kukauka kabisa. Na kifaa kingine hupunguza volti 96 ziwe 12 kwa ajili ya taa na honi. Baada ya yote hayo nilikwenda kulipima gari kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambulia pamba, mahali nilipokuwa nimelipima kabla ya kuanza, nikakuta limeongezeka kilo 80 tu. Kwa gari la aina iliyozoea kubeba askari na mahema yao, hilo si neno.

Sasa nayajia makosa.

Adhuhuri moja ya Ramadhani, nikiwa na swaumu na haraka ya kumaliza, spana namba 13 iliniponyoka ikalala juu ya vichwa viwili vya betri, na kufumba na kufumbua ikawaka nyekundu, ikashikamana navyo kama iliyochomelewa, nami nikabaki nimesimama na kovu ambalo hata leo linanisaidia kufundishia. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi huitumia kukagulia magari ya umeme, huuhesabu mkondo mnyoofu uliozidi volti 60 kuwa ni wa hatari; mimi nilikuwa na 96 na nilikuwa nimezoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyotaka kuniua. Tangu siku ile spana zangu zote zimevikwa mpira hadi shingoni, fyuzi kubwa imekaa jirani kabisa na betri badala ya kukaa mahali penye nafasi, na chini ya kiti cha dereva iko swichi moja nyekundu inayokata kila kitu hata kwa mkono wa mtoto.

La pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo halikunijia akilini hata siku moja kabla halijanipata. Breki za gari lile husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini. Nami niliiondoa injini nikausahau mvuto. Siku ya majaribio gari lilikwenda kwa utulivu wa ajabu mpaka lilipofika mahali penye mteremko, nikakanyaga breki, na pedali ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Nilikuja kusimama kwenye kichaka cha mkwaju. Dawa yake ni pampu ndogo ya umeme na mtungi wa kuhifadhi mvuto, vitu ambavyo gharama yake ni sehemu ndogo sana ya gharama yote, na anayekusudia kubadili gari asigeuze ufunguo hata mara moja kabla hajavifunga.

La tatu ni la biashara, nitalipitia upesi. Mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake halina faida kwenu, aliniletea seli 30 ambazo 4 kati yake zilikuwa zimekwisha kutumika na kupakwa upya, na nilizigundua kwa kuwa nilipima kila moja peke yake, usiku na mchana, kwa siku nane, kabla ya kuzifunga pamoja. Asiyekuwa na subira ya kupima asinunue.

Kuhusu ukimya wa gari, nilidhani ni neema tupu hadi lilipotaka kumgonga mama mmoja aliyebeba maji, ambaye hakulisikia likija nyuma yake. Wajukuu wa jirani huniuliza, "Babu, mbona linakwenda na halisemi?" Basi nimelifungia kengele ya baiskeli kwenye kioo cha pembeni, na katika mkoa huu wa baiskeli hakuna sauti inayomfanya mtu ajitenge upande wa barabara haraka kuliko hiyo.

Gharama yote, pamoja na kodi, usafiri, bamba lililokerezwa mara tatu na zile seli nilizolazimika kuzinunua tena, ilikaribia shilingi milioni 19. Sitawadanganya kwamba ni kidogo. Land Rover ile ilipokuwa na injini ilikunywa kama lita 20 kwa kilomita 100, na hata tukiihesabu lita kwa shilingi 3,000 tu, hizo ni shilingi 60,000; sasa kwa mwendo ule ule mita ya nyumbani huniandikia uniti 36, ambazo pamoja na kodi hazifiki shilingi 13,000. Maana yake ni kwamba fedha yangu haitarudi mpaka gari litakapokuwa limetembea kilomita 40,000 hivi, na mtu anayekwenda mnadani mara moja kwa wiki atakufa kabla haijarudi, Mungu atuepushe. Pikapu zenu za dizeli hunywa kidogo kuliko gari langu la petroli, kwa hiyo hesabu yenu itachukua muda mrefu zaidi kuliko yangu, isipokuwa kwa pikapu ambayo injini yake imekwisha kuchoka na mmiliki anajiandaa kuifumua na kuifunga upya. Hiyo gharama ya kuifumua ndiyo sehemu ya kwanza ya fedha ya mota.

Yamkini mtauliza, basi kwa nini nikaziteua pikapu zenu, nikaziacha teksi za mjini na mabasi yaendayo Mwanza. Jawabu liko katika safari zenyewe. Gari la umeme lililobadilishwa nyumbani linaogopa mambo mawili, umbali usiojulikana na mwendo wa kasi, na pikapu ya machimboni haina hata moja kati ya hayo. Inapakia viroba 20 vya kilo 50, yaani tani moja, inakwenda kilomita 6 hadi karasha, inashusha, inarudi tupu, na mwisho wa siku ikiwa imekwenda mara tano imetembea kilomita 60 kwa mwendo ambao mwenye baiskeli anaweza kuushinda. Tena inakwenda na kurudi mahali pamoja, na katika mwisho mmoja wa safari pana karasha, ambalo kama limeunganishwa na umeme wa njia tatu basi chaja iko mlangoni. Saa moja ya kushusha viroba na kula ugali, kwa chaja ya kilowati 6, hurudisha mwendo wa kilomita 15 hivi. Injini ya dizeli kwa kazi ya namna hii hudhalilika, ikiwaka na kuzimwa, ikinguruma bila kwenda, ikipanda kwa gia ya kwanza kutwa nzima. Mota haijui udhalili huo, maana ikisimama imesimama, na inapoanza ina nguvu yake yote tangu mzunguko wa kwanza.

Na liko jambo la mlima. Katika sehemu nyingi za Geita dhahabu iko kilimani na maji yako bondeni, na kwa kuwa mwalo wa kuoshea dhahabu hufuata maji, mzigo huteremka na gari tupu hupanda. Huko Uswisi, karibu na mji wa Biel, wahandisi walilichukua lori kuukuu la machimbo aina ya Komatsu, lililokuwa likitumia dizeli, wakalitia betri za uniti 600 zenye uzito wa tani nne na nusu, wakalipeleka katika machimbo ya mawe ya saruji ambako hupanda tupu na kuteremka na shehena ya zaidi ya tani 60. Na kwa kuwa mota inapozuia gari lisikimbie kwenye mteremko hugeuka kuwa jenereta, waliolibuni hukisia kwamba lori hilo hurudisha betrini umeme unaokaribia kutosha safari zake zote, na siku nyingine kuzidi. Sitawaahidi muujiza huo. Niliketi nikapiga hesabu: pikapu yenye tani moja ikiteremka mita 100 katika njia ya kilomita 6 iliyojaa mashimo, vumbi na udongo mweusi wa mbuga, hurudisha chini ya uniti moja, na njia yenyewe hula zaidi ya hiyo. Walakini nusu uniti kwa kila safari ni kitu, na breki ambazo leo mnazibadili kila baada ya miezi michache zitakaa muda mrefu zaidi, na mwenye pikapu anajua breki ni nini kwenye kilima chenye watu.

Msidhani kwamba nawaita muwe wa kwanza duniani, au hata Afrika Mashariki. Wanafunzi na walimu wa Makerere walilitoa gari lao la umeme, Kiira, mwaka 2011, na hapa kwetu mchora vibonzo Masoud Kipanya alilionyesha la kwake mwaka 2022. Hayo yalibuniwa upya toka mwanzo, nami nayaheshimu. Lakini waliotangulia katika njia hii ya kuligeuza gari la zamani ni watu wa utalii. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kupeleka watalii mbugani kwa gari la safari lililoondolewa injini ya dizeli, na huko Nairobi kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo tangu 2022 huitwa Roam, ilianza kwa kuzigeuza Land Cruiser na Land Rover za kambi kabla ya kuelekea kwenye pikipiki na mabasi. Kwa nini utalii? Kwa sababu gari la mbugani huenda polepole, hurudi kambini jioni ile ile, na mtalii hulipa zaidi apate kumkaribia simba bila kelele. Ukimwondoa simba, hayo ni maelezo ya machimbo ya Rwamgasa.

Nimetaja neno la umeme wa gridi na najua mmoja wenu amekwisha kucheka. Hata mimi nimekatiwa umeme gari likiwa nusu. Walakini hali ya leo siyo ile tuliyoizoea: bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na huku kwetu Kishapu serikali imeanza mradi wa umeme wa jua uliokusudiwa kufika megawati 150, kwa sababu aliyepima jua la Shinyanga hakuhitaji kushawishiwa. Nami nimefunga juu ya paa la banda paneli 10 za wati 400, ambazo katika siku ya kiangazi hunipa kama uniti 20 bila kumwomba mtu, na usiku umeme ukikatika gari ndilo linalowasha taa za nyumba. Hilo la mwisho sikulikusudia. Mke wangu ndiye aliyelivumbua, na tangu hapo hakuliita tena gari langu mchezo wa mzee.

Kuhusu nikeli, kwa kuwa huku Kahama halipiti juma bila mtu kunambia kwamba nikeli ya Kabanga itakapokuja kusafishwa mahali palipokuwa mgodi wa Buzwagi basi betri zitakuwa bure, naomba niseme kwa taratibu kwamba betri zangu hazina nikeli hata chembe. Nikeli ina kazi yake katika betri za magari yaendayo mbali. Pikapu ya machimboni haihitaji kuingoja.

Sasa ninafikia jambo ambalo siliwezi peke yangu, na ndilo lililonifanya niiandike barua hii hadharani badala ya kuja kuwaamkia mmoja mmoja. Kadi ya gari langu inasema namba ya injini, na injini haiko; inasema ujazo wa injini, na hakuna cha kujazwa; inasema mafuta yatumikayo ni petroli, na tangi lake ninapandia miche ya mipapai. Nilikwenda na kadi hiyo katika ofisi moja, nikapokewa na kijana mwenye adabu aliyenielekeza ofisi ya pili, na ya pili ikanielekeza ya tatu, na ya tatu ikaniambia nirudi ya kwanza, kila mmoja akilistaajabia gari na akitaka kupiga picha nalo, na hakuna aliyeniambia neno lililoandikwa. Siwalaumu, maana hawakupata kuulizwa. Mzee mmoja mwenye gari moja akiuliza, ni kisa cha kuchekesha. Vyama vya mikoa miwili, vyenye pikapu zisizohesabika na sauti katika FEMATA, shirikisho la vyama vya wachimbaji, vikiuliza kwa barua yenye muhuri, linakuwa swali linalohitaji jawabu. Ufaransa ililijibu mwaka 2020, ikatoa kanuni kwamba gari lililopita miaka mitano laweza kubadilishwa liwe la umeme na kupewa kadi mpya, sharti vifaa viwe vimekaguliwa na kazi ifanywe na fundi aliyeidhinishwa. Mimi, niliyefanya kazi uani chini ya mwembe, kanuni kama hiyo ingenibana, na baada ya lile jambo la breki naona ni haki inibane. Nataka mkaguzi ambaye atakanyaga pedali kabla sijaingia barabarani. Nataka mtu wa kuniambia nyaya zangu za rangi ya machungwa, zibebazo zile volti 96, zimepita mahali sipo.

Wala isidhaniwe kwamba tunakimbia kulipa. Tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa na badala yake kuongezwa shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta, barabara zetu zinatengenezwa kwa fedha ya wanaonunua mafuta. Basi mimi ninayepita juu ya lami ya Kahama kwa umeme sichangii kitu. Nimekwisha kujipima na nafsi yangu, na naona ni aibu kidogo. Itakapoletwa njia ya kulipa, kwa kilomita au kwa uzito, mniweke wa kwanza katika orodha, na katika barua yenu mlitaje jambo hilo ninyi wenyewe kabla halijatajwa na mwingine, maana mwenye kuja na deni lake mkononi husikilizwa.

Mahitaji yangu kwenu, basi, ni machache. Naomba chama kimoja, kile chenye maduara na karasha vilivyo katika leseni moja au zinazopakana, ili gari lisilazimike kushika barabara kuu kabla ya jawabu la kadi kupatikana, kinipe pikapu moja iliyokwisha kukata tamaa, chasisi nzima, injini mbovu. Kazi ya mikono nitaifanya bila ujira pamoja na vijana wawili mtakaowachagua, mmoja mjuzi wa kuchomelea na mmoja wa umeme, nanyi mtagharimia vifaa. Kwa mwaka mzima dereva ataandika katika daftari uzito wa kila mzigo, kilomita, uniti, na kila kilichoharibika, hata kama kilichoharibika ni kosa langu, na daftari hilo litasomwa mbele ya mkutano wenu wa mwaka pamoja na daftari la pikapu ya dizeli iliyofanya kazi hiyo hiyo katika njia hiyo hiyo. Ikiwa la dizeli litashinda, nitasimama nikubali, na mota mtaifunga kwenye winchi.

Wenye mashaka, nao ndio ninaowataka zaidi, waje waone kwa macho yao. Gari huchajiwa Jumamosi mchana, jua likiwa utosini, na boneti huwa wazi kuanzia saa nne. Anayekuja na aje na pikapu yake, aje akiwa ameandika uzito wa mzigo anaobeba, urefu wa njia yake na mara anazokwenda kwa siku, maana bila hesabu hizo tatu hatutakuwa na la kuzungumza ila chai. Asije na pete kidoleni wala saa ya chuma mkononi.

Wenu katika kazi,

Fundi umeme mstaafu, Kahama